Usiuziwe Njumu na Komenti za Kununua

Kabla uangushe ganji kwa zile njumu umeona Instagram, hebu tubonge. Peji imejaa sifa: "legit sana", "nimepata zangu leo", nyota 5 juu ya nyota 5. Roho inatulia, unatuma ngiri mbili na M-Pesa. Hapo ndio wakora wanakungojeanga.

Hizo komenti zinauzwa. Kuna vijana wa mtaa wanalipwa kusifu kiatu hawajawahi shika. Kuna wenye peji wanafungua akaunti za uongo wajisifu wenyewe. Na ukiandika ukweli, komenti inafutwa, unablokiwa, imeisha hivyo.

Rada ni hii. Cheki tarehe: sifa kibao zikiangushwa usiku mmoja, hiyo imepangwa. Ingia kwa akaunti ya mwenye amesifu. Kama haina posti, haina mabeshte, na inasifu kila duka, hepa. Rivyu za nyota 3 ndizo huwa na maneno ya maana: saizi ni ndogo, soli imebanduka, delivari imechelewa. Tafuta picha zenye wateja wamejipigia. Itisha video ya hiyo njumu yenyewe, siku hiyo. Uliza duka iko wapi tao. Lipa ukishaishika, na muuzaji akikataa, wachana naye. Skrinishoti za tangazo, mazungumzo na malipo, weka zote.

Ukichezwa, usinyamaze, juu sheria iko side yako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa poa na habari zenye unahitaji kuihusu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudanganya mteja, na inakuruhusu kuvunja dili yenye umeingizwa kwa uongo. Peleka skrinishoti zako kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Marekani walipiga rivyu feki marufuku Oktoba 2024, Uingereza wakafuata Aprili 2025. Hata hapa kwetu inafaa sheria itaje rivyu feki kwa jina.

Na wewe mwenye umeitiwa kazi ya kukomenti, kataa. Hiyo finje unalipwa inatoka kwa mfuko wa msee wa base yako, mwenye amesave miezi ndio adunge kitu fiti. Ukinunua kitu, andika vile iko, iwe poa ama mbaya. Tukiandika ukweli sisi wote, wakora watakosa pa kujificha.