Ulimi wa Kuazima wa Mzee Ojwang'

Mzee Ojwang' Hatari alikuwa Mjaluo kwa jina, kwa lafudhi na kwa ubishi. Aliyemvaa alikuwa Mkikuyu, Benson Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki tarehe 12 Julai 2015. Kwa miaka ipatayo thelathini aliigiza mzee huyo huyo katika runinga ya taifa, hasa katika vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Marais walipokezana, shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya likageuka KBC mwaka 1989, stesheni nyingine zikazaliwa, na Ojwang' akabaki ndani ya koti lake na nyuma ya miwani yake mikubwa.

Uzee wenyewe ulianza kama rangi. Katika miaka ya themanini mwigizaji huyu alikuwa bado mtu wa miaka arobaini na kitu, na weupe wa nyusi na ndevu ulikuwa wa kupakwa. Koti, miwani na rangi ni vitu vya kawaida katika vichekesho, na yeyote angeweza kuvipata. Kilichomtenga Wanjau na wengine kilikuwa mdomoni.

Kikuyu hakina sauti ya l. Msemaji wake asipojichunga anapoongea Kiswahili, lori huwa "rori" na lami huwa "rami". Herufi d nayo hutanguliwa na mvumo wa puani, dawa ikawa "ndawa". Kijaluo hakina shida hiyo: l ipo, r ipo, na d husimama peke yake bila msaada wa pua. Mjaluo hukwama kwingine, kwenye sh, z na v. Shati huwa "sati", shamba huwa "samba", zawadi huwa "sawadi". Kwa hiyo Wanjau alikuwa na kazi mbili katika kila sentensi. Kwanza kufuta makosa yaliyokuwa haki yake ya kuzaliwa, kisha kufanya kwa makusudi makosa ya jirani. Hata jina la mhusika lilikuwa mtihani. Neno la Kikuyu huishia kwa irabu, kama Wanjau, ilhali Ojwang' hufungwa kwa ng', sauti ikibaki imening'inia nyuma ya koo.

Ugumu wa jambo hili unaonekana zaidi ukikumbuka kwamba vichekesho hivyo viliendeshwa kwa ugomvi. Mahakamani ni mashtaka na utetezi, nyumbani ni mke na mume wakirushiana maneno. Na mtu akikasirika ndipo lugha ya mama humponyoka. Wanjau alifoka, akalalamika, akajitetea, akaapa, na hasira yake ikatoka kwa lafudhi ya Kijaluo. Mkewe wa mchezo, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye ni Mluhya, na watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba wawili hao wameoana. Nyumba ya Kijaluo iliyojulikana kuliko zote nchini ilikuwa imejengwa na Mkikuyu na Mluhya.

Tanzania ilikuwa na mchekeshaji Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, naye pia jina la mchezo lilimeza la nyumbani. Lakini Majuto alichekesha kwa Kiswahili chake mwenyewe, cha mtu wa Tanga. Wanjau alichekesha kwa kisichokuwa chake.

Sehemu kama Sachangwan ndizo zilizokuwa na masikio ya kumpima mtu wa namna hiyo. Kituo hicho kiko kwenye mteremko wa barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kati ya Salgaa na Mau Summit, katika eneo la Molo ambako Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii, Mluhya na Mjaluo huuziana viazi na maziwa na kujua mwenzao katoka wapi kabla hajamaliza salamu. Hadi mwaka 1990 runinga ilikuwa stesheni moja tu. Katika vituo vingi vya mashambani runinga hiyo ilikuwa ya inchi 14, isiyo na rangi, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa mapema ili isizime katikati ya Vitimbi. Mtoto mmoja alitumwa nje kuzungusha mti wa antena, waliokuwa ndani wakimpigia kelele hadi picha iliposimama. Baada ya hapo sebule nzima, ya makabila mawili au matatu, ilimcheka Ojwang', na mara nyingine Masanduku arap Simiti, mhusika mwenye jina la Kikalenjin.

Je, walimcheka mzee mjanja, au walimcheka Mjaluo? Utani wa makabila una pande zote mbili, na sebule hizo hazikuhojiwa. Inayojulikana ni kalenda. Molo iliwaka moto wa mapigano ya kikabila mwaka 1992, ikawaka tena 1997, kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mapema 2008, kwenye vizuizi vya barabara hiyo hiyo, watu walitakiwa vitambulisho ili majina yasomwe, na asiyekuwa na kitambulisho aliweza kuuzwa na ulimi wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Wengine hawakuweza kutambuliwa na walizikwa pamoja. Miaka yote hiyo Vitimbi iliendelea kuonyeshwa.

Mwisho wa Wanjau ulianzia machoni. Mwaka 2012 habari zilienea kwamba mzee haoni vizuri, na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu. Kwamba uso uliojulikana na taifa zima ulihitaji mchango ili utibiwe, hilo lilizungumzwa siku chache, likapita. Miaka mitatu baadaye alifia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Habari za tanzia zilitaja Benson Wanjau, kisha zikaongeza upesi lile jina ambalo wasomaji walilijua.