Moto Mmoja, Sufuria Mbili

Kila mpishi wa Tunduma ajua jambo hili: moto wa sufuria kubwa ukitiwa chini ya sufuria ndogo, maji huchemka upesi na kufurika. Moto ni ule ule. Vyombo ndivyo visivyo sawa. Mionzi ya eksirei nayo huingia hivyo katika miili ya watu.

Mionzi hiyo iligunduliwa na Mjerumani Röntgen mwaka 1895. Mwaka 1971, huko London, mashine ya Mwingereza Hounsfield ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza. Mashine hiyo huitwa CT. Mgonjwa hulala kitandani, kitanda huingia katika tundu la duara, na mionzi humpitia kutoka pande zote. Kisha sehemu za ndani huonekana vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Katika mkoa wa Songwe, ambako malori mengi hupita kwenda Zambia, mtu aliyeumia kichwa barabarani aweza kuokolewa kwa picha hizo. Lakini mionzi ikizidi huweza kudhuru, na mtoto hudhurika kwa urahisi kuliko mtu mzima.

Je, daktari ajuaje kiasi alichopata mgonjwa? Mashine huonyesha hesabu, lakini hesabu hiyo haitokani na mwili wa mtu. Kwa kipimo cha tumbo, mara nyingi hutokana na gogo la plastiki lenye kipenyo cha sentimeta 32. Kwa hiyo mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa jedwali la kuirekebisha kwa ukubwa wa mgonjwa.

Na tufanye hesabu. Tumbo la mtoto lina upana wa sentimeta 25, na kutoka mbele hata mgongoni ni 16. Ukizidisha wapata 400, na kipeuo chake cha pili ni 20. Kwa 20 jedwali lasema, zidisha kwa 1.78. Basi mashine ikionyesha miligrei 10, mtoto amepata karibu 18. Mtu mzima mwenye vipimo vya 36 na 25 hupata 900, yaani 30. Yeye huzidisha kwa 1.23, naye amepata kama 12 tu. Sababu ni kwamba mwili mnene hupunguza mionzi kabla haijafika katikati, bali mwili mwembamba hupenywa wote.

Kwa hiyo mpiga picha mwenye busara hupunguza moto kwa ajili ya sufuria ndogo. Mzazi asikatae kipimo ambacho daktari ameona kinahitajiwa; na aulize kwa adabu, "Je, mashine imepangwa kwa umbo la mtoto huyu?"