Majina Juu ya Mlango Mkubwa

Katika vijiji vinavyozunguka Osnabrück, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, bado zimesimama nyumba za wakulima zilizojengwa kwa fremu za mwaloni. Watu, mifugo na mavuno walikaa chini ya paa moja, na mlango mkubwa ulipitisha gari la farasi lililosheheni nafaka. Kwenye boriti ya juu ya mlango huo fundi alichonga jina la mume, jina la mke, mwaka wa ujenzi, na mara nyingi dua au aya ya Biblia.

Mtafiti wa nasaba aanze na jina la mke. Mara nyingi limeandikwa pamoja na ukoo aliozaliwa, hivyo boriti moja humfungulia matawi mawili. Tena zipo boriti kongwe kuliko karatasi, kwa sababu vitabu vingi vya ubatizo na ndoa viliangamia katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), na usajili wa kiserikali kwa Ujerumani nzima ulianza tarehe 1 Januari 1876.

Jina la mume ndilo lenye mtego. Huku Osnabrück na katika Westfalia jirani, jina lilifuata shamba. Aliyeoa binti mrithi alihamia ukweni, akachukua jina la shamba, na watoto wake wakaitwa hilo hilo. Mke akifiwa na kuolewa tena, mume wa pili naye alilipokea. Kwa hiyo jina lililodumu karne mbili juu ya mlango mmoja laweza kuficha wanaume wa koo tatu au nne zisizohusiana kwa damu. Vitukuu wa wahamiaji waliokwenda Ohio na Missouri hupotelea hapa, wakifuata jina wakidhani wanafuata baba. Kinga yao ni vitabu vya kanisa, ambamo mara nyingi majina yote mawili yaliandikwa, la kuzaliwa na la shamba.

Mwaka uliochongwa nao hupimwa. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka, nyembamba wakati wa ukame, pana mvua zikiwa nzuri. Wataalamu hutoboa boriti, hutoa kijiti chembamba cha mbao, kisha hulinganisha pete zake na kumbukumbu ya pete za miti kama ile ya Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, inayorudi nyuma zaidi ya miaka 10,000. Pete iliyogusa gome ikiwa bado ipo, mwaka wa kukatwa mti hujulikana. Na kwa kuwa mafundi walijenga kwa mbao mbichi, nyumba ilisimama muda mfupi baadaye. Pete zikipingana na maandishi, huenda boriti ilitolewa nyumba nyingine, au wanandoa wapya waliweka mlango mpya kwenye nyumba ya zamani.

Mradi mkubwa wa akademia za Ujerumani, ulioanza mwaka 1934, hukusanya maandishi ya kale hadi takriban mwaka 1650. Maandishi mengi ya nyumba za wakulima ni ya baadaye, karne ya 18 na ya 19, na kazi ya kuyanakili imebaki zaidi kwa wapenzi wa historia wa vijijini. Ipewe fedha na haraka, kwa maana nyumba ikibomolewa leo, boriti yake yaweza kuwa kuni kesho.