Adabu ya Ugenini Isiwe Kunyamaza

Binti wa Handeni au Korogwe akiitiwa kazi za ndani Oman, wosia wa kwanza anaopewa nyumbani ni kwenda kuwa na adabu kwa watu. Ni wosia mwema, na huko aendako atauhitaji. Lakini adabu tunayowafunza mabinti zetu mara nyingi ni ile ya kuinamisha kichwa na kutouliza, nayo ndiyo inayompa nafasi wakala mjanja. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala, na wengi walieleza kufanya kazi saa 15 hadi 21 kwa siku bila kupumzika. Wanawake hao hawakukosa adabu. Walikosa nyaraka mkononi, na mtu wa karibu wa kumlilia.

Korogwe ingepaswa kuwa ya kwanza kulielewa hili. Mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Magoma na Magunga yalistawi kwa jasho la manamba walioletwa enzi za ukoloni kutoka Kigoma, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Walifungwa na mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma, na siku iliandikwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, pale tu kazi waliyopangiwa ilipokwisha. Mtu aliye mbali na ndugu zake, asiyejua karatasi yake inasema nini, huonewa kwa urahisi, awe shambani au jikoni kwa tajiri. Wakati ule wageni walikuja kwetu. Leo wanaoondoka ni watoto wetu.

Wapo wanaosema Oman si ugenini hasa. Kiswahili kinazungumzwa, kwani familia nyingi zilihamia huko kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na mabinti wengi wa huku ni Waislamu kama wenyeji wao. Ni kweli, ila ukweli huo unaweza kumponza mtu akadhani sheria nazo ni zile zile. Kule, kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa la jinai, si aibu tu. Katika Falme za Kiarabu, binti akimpiga picha mtoto wa tajiri wake bila ruhusa na kuituma WhatsApp ili wa nyumbani waone, anaweza kushtakiwa, ingawa hakuwa na nia mbaya. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli nazo haziingizwi huko bila kibali. Kumheshimu mwenyeji ni kujifunza mambo haya kabla ya safari.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: ukiuliza sana, nafasi anapewa mwingine. Siidharau, maana shida haina subira. Lakini wakala binafsi halali ana leseni ya Kamishna wa Kazi na hana sababu ya kuificha. Anayekasirishwa na swali moja kabla ya safari hatapokea simu ya kilio baada yake. Wengine watasema hata waliopita njia rasmi wamo walioteswa. Wamo, na ndiyo maana karatasi pekee haitoshi. Lazima nyumbani abaki mtu anayejua binti yuko wapi na kwa nani.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujauza mbuzi kwa ajili ya safari hiyo, dai mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele yako. Baki na nakala yake, nakala ya pasipoti, na jina, anwani na simu ya mwajiri. Pangeni siku ya kupigiana simu na neno la siri la kuashiria hatari. Binti ashike kichwani namba ya ubalozi wetu Muscat na ya polisi wa Oman, ambayo ni 9999. Na ajue kwamba pasipoti yake ni mali ya Serikali ya Tanzania. Tajiri hana haki ya kuifungia kabatini.