Betri za baiskeli za umeme huzeekea ghalani

Wafanyabiashara wanaorundika baiskeli za umeme katika maghala ya bati wakisubiri bei ipande huenda wakapata hasara kabla ya mteja wa kwanza kuingia dukani. Chanzo si kutu wala wizi, bali ni betri, sehemu yenye gharama kubwa katika chombo hicho.

Betri ya lithiamu huchakaa hata isipotumika. Ikikaa mwaka mmoja ikiwa imejaa chaji, katika joto la nyuzi 40 za Sentigredi, hukadiriwa kubaki na asilimia 65 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 katika nyuzi 25, hubaki na asilimia 96. Kwa baiskeli iliyokuwa ikienda kilomita 50, tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita 15.

Kuiacha iishe kabisa nako ni hasara, kwani huenda isipokee chaji tena.

Dawa ni rahisi: betri itolewe kwenye baiskeli, iachwe na chaji ya nusu hivi, iwekwe pakavu penye ubaridi na ipimwe kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Itumiwe chaja yake yenyewe. Iliyovimba au kugongwa itengwe. Mjini New York, mwaka 2023, betri za lithiamu zilisababisha moto mara 268 na vifo 18.

Mnunuzi naye asiulize bei tu. Aulize pia betri imekaa ghalani muda gani.