Pumba, Ini na Harufu ya Dume

Msomaji mmoja wa Ruaha Mbuyuni, mkulima wa vitunguu aliyeingia kwenye kondoo, ameuliza: madume aliowafungia bandani kwa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, awahasi kabla ya kuwauzia wachoma nyama wa barabarani, au awaache walivyo?

Kuhusu uzito, jibu linajulikana zamani na halina utamu wa kusimulia. Dume asiyehasiwa hukua haraka kuliko maksai, na kwa kila kilo anayoongeza hutumia chakula kidogo zaidi. Testosteroni humjengea misuli. Maksai hulimbikiza mafuta, na nyama yake kwa kawaida huwa laini zaidi. Burdizo, lile koleo la Kiitaliano linalobana mishipa ya kokwa bila kuchana ngozi, ofisa mifugo wake analijua. Basi.

Ila neno moja linanikera. Maofisini wanaandika “unenepeshaji wa mifugo”. Mtu hunenepa, mnyama hunona! Anachofanya msomaji wetu ni unoneshaji.

Sasa tuje kwenye harufu ya dume, maana hapo ndipo mambo yanaponoga. Kondoo akila nyasi, vijidudu vya tumbo lake kubwa huzichachusha na kutoa zaidi asidi asetiki. Mzidishie wanga, asidi propioniki huongezeka. Hiyo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ikageuzwa glukosi.

Sasa utazame Mlima Kitonga. Malori yakitoka Ruaha Mbuyuni mojamoja, yanapanda kona zile taratibu na kufika Ilula salama. Ini nalo hupitisha propioniki hivyohivyo. Yakija kwa mkupuo, moja likazimika kwenye kona, foleni inashuka hadi bondeni, na dereva aliyechoka kusubiri anaanza kutafuta pa kushushia mzigo hukuhuku chini. Propioniki iliyokosa njia kwenye ini huishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na mafundi wa huko hawakatai mzigo. Kazi yao ni kuunga minyororo ya asidi za mafuta, kaboni mbilimbili, mstari ulionyooka. Kipande kilichotokana na propioniki kina kaboni moja ya ziada. Wakikiunga, ile ya ziada inabaki imechomoza ubavuni, kama nondo iliyozidi bodi ya lori, na minyororo yenye vichomozi haipangiki vizuri ikalaliana. Mafuta yanakuwa tepetepe. Watafiti wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, walionyesha mwaka 1972 kwamba propioniki ndiyo inayoleta matawi hayo kwenye mafuta ya wanakondoo.

Minyororo mifupi yenye tawi ndiyo inayonuka. Mmoja una kaboni nane na kitawi kwenye kaboni ya nne. Watafiti wa New Zealand waliutaja mwaka 1975 kuwa chanzo cha harufu ya kondoo anapopikwa. Dume aliyebalehe huwa na asidi hizi nyingi kuliko maksai.

Kwa mbuzi kisa kinachekesha zaidi. Mwaka 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Tokyo lilitangaza kwamba lilivalisha mabeberu na maksai kofia maalumu za kunasa harufu ya kichwani. Kwenye kofia za mabeberu, wala si za maksai, walikuta 4-etiloktanali, kitu kinachonukia kama limau na kinachoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoongoza uzazi. Kikikaa hewani hugeuka asidi, na hiyo asidi ndiyo ule uvundo wa beberu unaoutambua kabla hujamwona.

Basi msomaji wetu akiweza kuwauza kabla hawajabalehe, asiwahasi: atavuna kilo, na mchoma nyama hatalalamika. Akipanga kuwakalisha hadi mwaka mmoja, awahasi wangali wadogo. Na kwenye lishe, asiwajaze pumba laini peke yake. Awawekee nyasi, na nafaka awape punje nzima, ambazo huchachuka polepole, foleni isijae. Mwaka 1974, hukohuko Rowett, wanakondoo waliolishwa shayiri nzima walikuwa na mafuta magumu kuliko waliolishwa ya kusindikwa. Ilikuwa shayiri na kondoo wa Uskoti, lakini tumbo la kondoo ni tumbo la kondoo. Pumba abakize kidogo tu, za kuwaonjesha jioni.