Utangulizi: Nani Alishika Kalamu?

Mtu anayeanza kusoma fasihi huambiwa mapema kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kwa Marekani ya karne ya 19 msemo huo hautoshi. Kioo humwonyesha yeyote anayesimama mbele yake, ilhali katika majimbo kadhaa ya Kusini ilikuwa kosa la jinai kumfundisha mtumwa kusoma. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitabu kinasema nini, naomba tuulize kwanza nani aliruhusiwa kushika kalamu, na nani alitakiwa kumdhamini.

Chukua masimulizi ya maisha ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, yaliyochapishwa Boston mwaka 1845. Ukurasa wa jina unatangaza kwamba ameyaandika yeye mwenyewe. Ukifunua, kabla hujamsikia Douglass unakutana na Wazungu wawili wapinga utumwa, William Lloyd Garrison na Wendell Phillips, wakimshuhudia kuwa ni mkweli. Mtu aliyechapwa mijeledi hakuhesabiwa kuwa shahidi wa kutosha wa mgongo wake.

Humo ndani anasimulia jinsi mama wa nyumba aliyoitumikia Baltimore alivyoanza kumfundisha herufi, mumewe akakataza, akisema mtumwa akijua kusoma hatatawalika tena. Mtoto akalishika neno hilo. Akawa anatoka na kipande cha mkate, anawapa watoto wa Kizungu wa mtaani, nao wanamlipa kwa kumfundisha. Hapo huwa nasita kila ninapopasoma. Mtoto mtumwa ana mkate, mtoto huru ana njaa. Mmoja amenyimwa herufi, mwingine anazo na hazimshibishi. Kurasa nyingi za historia ya uchumi hazijanieleza mji ule vizuri kuliko mkate huo.

Kwa kuwa alitaja wazi majina ya mabwana zake, Douglass alijiweka hatarini kukamatwa. Mwaka uleule alivuka bahari kwenda Ireland na Uingereza, na marafiki wa huko wakachanga takriban pauni 150 kumnunulia uhuru.

Harriet Jacobs, naye mtumwa aliyetoroka, alipata taabu ya namna nyingine. Alijificha karibu miaka 7 chini ya paa la nyumba ya bibi yake huko North Carolina, mahali asipoweza hata kusimama wima. Kitabu chake cha mwaka 1861 kilitoka kwa jina la kubuni, na kwa miongo mingi wasomi walikichukulia kuwa riwaya tu. Ni katika miaka ya 1980 ndipo mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha, kwa kutumia barua za Jacobs mwenyewe, kwamba ni maisha ya kweli. Fani yetu ilimkosea mama huyu, na anayeingia humu anapaswa kulijua hilo tangu mlangoni.

Wenye kalamu nao wasomwe kwa swali lilelile. Nathaniel Hawthorne alifanya kazi katika forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849, kisha akaieleza ofisi hiyo katika dibaji ndefu ya riwaya yake *The Scarlet Letter*, mwaka 1850. Salem si mji mgeni kwetu: merikebu zake ndizo zilizoleta Unguja ile nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Hawthorne anawachora kwa ustadi mkubwa wazee wa forodha wanaosinzia vitini. Watumwa wa Kusini, ambao jasho lao liliivuna pamba ya viwanda vya Kaskazini, hawamo miongoni mwa watu anaowachora. Ukimya huo nao ni habari ya jamii yake, na tutakutana nao tena katika sura zijazo.

Anza na Douglass. Kitabu chake ni kifupi, utakimaliza kwa siku mbili. Ila nakuomba, usiruke kurasa za wadhamini wake.